Alama si Jina: Uhakiki wa Istilahi za Mpangilio wa Silinda katika Injini

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri wa siku hizi imo moja ambayo waanzilishi wa istilahi zetu hawakuitarajia, nayo ni tafsiri ya michezo ya kompyuta. Mingine katika michezo hiyo ni ya vita na mingine ya mpira, lakini imo pia ya ufundi. Mmoja uitwao Automation, uliotungwa na kampuni ya Camshaft Software ya New Zealand, humkabidhi mchezaji kiwanda cha magari. Mchezaji hana budi kuibuni injini mwenyewe, na hatua ya kwanza ya kuibuni ni kuchagua mpangilio wa silinda: ama zote zisimame katika mstari mmoja, ama zigawanyike pande mbili, ama zilale chini. Wapenzi wa michezo ya namna hiyo hawatosheki na mipangilio ya kila siku. Huzungumzia injini za silinda kumi na sita, injini za krenkishafti mbili, na injini ambazo silinda zake zimetawanyika kama miale ya nyota.

Mfasiri akitaka kuiweka orodha hiyo ya machaguo katika Kiswahili hukutana na shida ambayo mwandishi wa kitabu haijui. Kitabuni neno lisilojitosheleza huweza kusaidiwa na aya nzima ya maelezo. Katika mchezo kila chaguo lina nafasi ya maneno mawili au matatu tu, na maneno hayo hayana budi kumwonyesha mchezaji tofauti iliyopo baina ya chaguo hili na lile. Kwa sababu hiyo mchezo ni mtihani mkali wa istilahi, na kwa maoni yetu majina yanayotumika sasa hayawezi kuushinda.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki majina hayo. Tumechagua kuyatazama kutoka Morogoro, mji uliojikunyata chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam hugawanyika, tawi moja likaelekea Dodoma na jingine Iringa hadi Zambia. Hapo hupita malori makubwa ya masafa marefu, magari ya serikali yaendayo makao makuu, na kirikuu na pikipiki zinazoshusha mboga kutoka milimani. Takribani kila mpangilio wa kawaida wa silinda waweza kuonekana katika njia hiyo kwa siku moja. Rai yetu ni kwamba majina tuliyoyaazima kwa njia ya herufi na lakabu hayamwambii fundi, mwalimu wala afisa ugavi jambo analohitaji kulijua, ilhali Kiswahili kinayo tayari maneno yanayoweza kumwambia.

Silinda na mcheduara

Yafaa kwanza tuondoe shaka moja. Walimu wa hisabati hulitumia neno mcheduara kwa umbo la duara lenye urefu, kama kopo au bomba. Mafundi nao huita silinda ile tundu ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Wako wanaodhani kwamba moja ya maneno haya ni kosa, na kwamba injini ingepaswa kuitwa ya "micheduara minne". Sisi hatuoni hivyo. Mcheduara ni umbo, silinda ni kifaa chenye umbo hilo. Lugha iliyokua hubagua baina ya umbo na kifaa, na hapa Kiswahili kimebagua bila kulazimishwa na mtu. Silinda ni neno lililokwisha kuwa letu. Lina wingi wake, lina upatanisho wake wa kisarufi, na hata kondakta wa daladala hulielewa. Upungufu tunaouzungumzia uko katika majina ya namna silinda hizo zinavyopangwa.

Herufi iliyogeuka cheo

Jina la mpangilio linalojulikana kuliko yote nchini mwetu ni V8. Wanaolitamka ni wengi kuliko wanaojua maana yake. Katika mazungumzo ya wananchi, V8 ni gari kubwa la kiongozi, lile ambalo zamani kidogo liliitwa shangingi. Mtu husema "amekuja na V8" akimaanisha kwamba aliyekuja ana madaraka. Herufi na tarakimu zimeacha kuhesabu silinda, zimekuwa cheo.

Tuyapime mambo yenyewe. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, iliyopendwa sana katika miaka ya 1990 kwa jina la VX, ilikuwa na silinda sita katika safu moja. Mfululizo wa 100 ulikuja na injini ya petroli ya silinda nane zenye umbo la V, lakini ile ya dizeli ilibaki na silinda sita za safu moja. Mfululizo wa 200, ulioanza mwaka 2007, ndio uliolieneza jina la V8 hata kwa dizeli. Mwaka 2021 ulipokuja mfululizo wa 300, kampuni iliziacha silinda nane na kutumia sita zenye umbo la V. Hata hivyo gari hilo likipita Msamvu, watu huliita V8 vilevile. Nayo Land Cruiser ngumu ya kazi, ambayo hospitali na miradi mingi huitumia katika njia mbaya, aghalabu ina injini ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita katika safu moja. Hiyo haikuwa V hata siku moja.

Yawezekana msomaji akauliza: kuna hasara gani watu wakilitumia neno wapendavyo? Katika mazungumzo hakuna hasara. Hasara huanza neno hilo linapoingia katika hati. Injini ya safu moja ina kichwa kimoja cha silinda, kile ambacho gereji zetu hukiita silinda hedi, na kwa hiyo ina gasketi moja ya kichwa. Injini ya V, iwe ya silinda sita au nane, ina vichwa viwili na gasketi mbili, tena aghalabu ya kulia si sawa na ya kushoto. Afisa anayejaza fomu ya kuagiza vipuri kwa kuandika "gari aina ya V8" hajamwambia mwuzaji idadi ya silinda, wala ya vichwa, wala ya gasketi. Ameandika tu kwamba gari ni kubwa. Gari la wagonjwa likikwama huko juu kwa kungoja gasketi isiyo yake, kosa la istilahi limekwisha kuwa kosa la huduma.

Wala V hiyo haikuletwa na viongozi wa leo. Katika vita vya mwaka 1916, ambavyo Waingereza waliingia Morogoro mwezi wa Agosti, kikosi chao cha anga kilichopigana Afrika Mashariki kilitumia ndege za BE2c, na injini za ndege hizo zilikuwa za silinda nane zenye umbo la V. Malori nayo: Scania ilianza kuuza injini ya V ya silinda nane mwaka 1969, lakini malori yake mengi tuyaonayo barabarani yana silinda sita za safu moja. Mpangilio ni jambo la ufundi, hauna uhusiano na hadhi ya anayebebwa.

Neno ambalo tayari lina mwenyewe

Mfano wa pili ni ule wa injini ambayo silinda zake zimelala pande mbili za krenkishafti, nusu kulia na nusu kushoto. Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, ilikuwa nayo; Subaru imeitumia tangu mwaka 1966 na bado inaipenda. Wajerumani waliipa jina la bondia, kwa sababu pistoni zinazotazamana pande mbili hutoka pamoja na kurudi pamoja, kama ngumi za mpiganaji anayezigonganisha glavu zake kabla ya pambano. Lugha nyingi zimelichukua jina hilo kama lilivyo, na wako wafasiri wanaopendekeza nasi tuseme "injini ya boksa".

Pendekezo hilo twalipinga kwa sababu iliyo wazi kwa kila mkazi wa Morogoro. Boxer ni jina la pikipiki. Ni pikipiki ya kampuni ya Bajaj, inayofanya kazi ya bodaboda mijini na vijijini, inayopanda Bigwa hadi Kinole ikiwa na abiria na gunia. Nayo ina silinda moja tu. Ukimwambia kijana wa Kihonda kwamba injini ya boksa ina silinda nne zilizolala, atakutazama kwa huruma, maana injini ya Boxer anaijua kwa mikono yake. Tena neno boksa limekwisha kuwa vazi la ndani la wanaume. Neno lenye wenyewe wawili halina nafasi ya mpangaji wa tatu.

Tafsiri ya moja kwa moja, yaani "injini ya bondia" au "injini ya masumbwi", ni bora kidogo kwa kuwa ni ya Kiswahili, lakini inamtaka msomaji aijue kwanza hadithi ya glavu. Istilahi inayohitaji hadithi ili ieleweke haijatimiza kazi yake.

Wengine husema "injini bapa". Neno bapa ni zuri, na tutalitunza, lakini peke yake halitoshi. Toyota Estima iliyotoka mwaka 1990 ilikuwa na silinda nne katika safu moja, ila safu nzima ililazwa kwa nyuzi 75 ili injini ikae chini ya sakafu. Jembe la mkono la injini, lile la magurudumu mawili linalotumika katika mashamba ya mpunga, aghalabu lina silinda moja iliyolala. Zote mbili zimelala, wala hakuna hata moja iliyo na silinda pande mbili za krenkishafti. Kulala ni mkao wa injini ndani ya gari. Mpangilio ni uhusiano wa silinda na silinda. Mambo hayo mawili yasipewe neno moja.

Herufi moja, mitambo miwili

Wako watakaosema kwamba, kwa kuwa mipangilio mingine ni migeni kabisa, yatosha kuiachia herufi zake: W, H, X, U. Hapa ndipo udhaifu wa herufi unapoonekana zaidi, kwa kuwa hata wenye herufi hizo zimewachanganya.

Chukua W. Injini ya ndege ya Napier Lion, iliyobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na silinda kumi na mbili katika safu tatu: moja imesimama katikati, mbili zimeinama kulia na kushoto. Hiyo iliitwa W. Bugatti Veyron ya mwaka 2005, yenye silinda kumi na sita, nayo imeitwa W, lakini muundo wake ni mwingine kabisa: ni jozi mbili za safu, kila jozi imebanana kwa pembe ya nyuzi 15, na jozi hizo mbili zimetenganishwa kwa pembe ya nyuzi 90. Ya kwanza ina safu tatu na vichwa vitatu; ya pili ina safu nne na vichwa viwili. Herufi ni moja, mitambo ni miwili.

Chukua H. Gari la mashindano la BRM la mwaka 1966 lilikuwa na silinda kumi na sita, yaani injini mbili bapa zilizowekwa moja juu ya nyingine, kila moja na krenkishafti yake. Iliitwa H kwa sababu ukiigeuza ubavu inafanana na herufi hiyo. Lakini injini ya Subaru, yenye krenkishafti moja tu, huandikwa H4, na hapo H ni kifupi cha neno la kigeni lenye maana ya ulalo. Mwanafunzi akikuta H katika vitabu viwili atajuaje kwamba hapa herufi ni picha na pale ni kifupi?

Hata V ina kasoro yake. V ikipanuliwa hadi nyuzi 180 huwa bapa, lakini haiwi sawa na ile ya Subaru. Katika ile ya Subaru kila pistoni ina kiwiko chake katika krenkishafti, hivyo pistoni mbili zinazotazamana hutoka pamoja na kurudi pamoja, na mtikisiko wa moja huufuta wa mwenzake. Katika V iliyopanuliwa, pistoni mbili hushika kiwiko kimoja, hivyo moja ikitoka nyingine huingia. Ferrari iliyatoa magari yake ya miaka ya 1970 kwa jina la Boxer, ilhali injini yake ya silinda kumi na mbili ilikuwa ya namna hii ya pili. Ikiwa waundaji wenyewe wamekosea jina, hatuna sababu ya kuliazima pamoja na kosa lake.

Safu na bonde

Kanuni tuliyoizoea katika kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, ndipo twende kwa wageni. Katika jambo hili hatuhitaji kuvuka hatua ya kwanza.

Neno la msingi tunalolipendekeza ni safu. Twasema safu ya wanafunzi, safu ya viti, na safu ya milima. Uluguru yenyewe imo katika safu ya milima ya Tao la Mashariki. Neno hili ladokeza vitu vingi vya namna moja vilivyopangwa kwa mfuatano, jambo ambalo neno mstari halilisemi, maana mstari waweza kuwa mtupu. Injini ya kawaida basi ni injini ya safu moja. Kirikuu, yaani Suzuki Carry ndogo ya sentimita za ujazo 660, ni ya safu moja, silinda tatu. Jina hili pia latuepusha na "injini ya inlaini", ambayo mtu wa Tanzania angeisikia kuwa ni injini laini.

Neno la pili ni bonde. Safu mbili za milima zikikutana chini, kati yake huwa na bonde. Anayeifungua injini ya V huona jambo hilohilo: safu mbili za silinda zimeinuka kulia na kushoto, na kati yake pana bonde ambamo huwekwa vifaa vingine. Aliyesimama Mgeta akatazama chini hahitaji kufundishwa bonde ni nini, wala kwamba kuna bonde pana na bonde jembamba. Kwa hiyo injini ya V tutaiita injini ya bonde, na palipo na haja tutataja upana wake kwa nyuzi. Injini ya Scania ni ya bonde la nyuzi 90. Injini ya Volkswagen iliyotoka mwaka 1991, ambayo silinda zake sita zimebanana kwa nyuzi 15 hata zikatosha chini ya kichwa kimoja, ni ya bonde jembamba. Nayo ile ya Bugatti ni ya mabonde mawili membamba ndani ya bonde moja pana. Jina hilo la mwisho ni refu kuliko W, lakini aliyelisoma aweza kuichora injini hiyo bila kuiona, na aliyesoma W hawezi.

Neno la tatu latokana na mwili wa mtu. Katika injini kama ya Subaru, nyuso za pistoni zimetazama nje na migongo yake inaelekeana. Kiswahili husema watu wa namna hiyo wamepeana mgongo. Ziko pia injini za ajabu zaidi ambazo pistoni mbili zimo ndani ya silinda moja, nyuso zake zikitazamana na mafuta yakilipuka katikati. Injini hizo hazina kichwa cha silinda hata kimoja. Junkers ya Ujerumani ilizitengeneza kwa ndege, na Napier ya Uingereza ilitengeneza Deltic, yenye silinda 18 zilizopangwa katika pembetatu, pistoni 36 na krenkishafti tatu. Watu wa namna hiyo Kiswahili husema wanakabiliana. Lugha nyingine huziita aina zote mbili kwa neno moja lenye maana ya upinzani, na wanafunzi wake huchanganyikiwa. Sisi twaweza kusema pistoni za kupeana mgongo na pistoni za kukabiliana, na asiyewahi kuona hata moja atajua ipi ni ipi.

Mapendekezo

Kwa manufaa ya wafasiri na walimu twayaweka mapendekezo yetu kwa ufupi:

(a) Injini ya safu moja: silinda zote zimefuatana upande mmoja wa krenkishafti. Ikilazwa, itaitwa injini ya safu moja iliyolazwa, bila kubadili jina la mpangilio.

(b) Injini ya bonde: safu mbili zinazokutana kwa pembe katika krenkishafti moja. Upana hutajwa kwa nyuzi.

(c) Injini ya bonde jembamba: kama (b), lakini safu zimebanana hata zikafunikwa na kichwa kimoja.

(d) Injini ya mabonde mawili: jozi mbili za (c) katika krenkishafti moja. Ile ya kale ya safu tatu iitwe injini ya safu tatu, wala isichanganywe na hii.

(e) Injini bapa ya kupeana mgongo: silinda zimelala pande mbili, kila pistoni na kiwiko chake.

(f) Injini bapa ya viwiko vya pamoja: bonde lililopanuliwa hadi nyuzi 180, pistoni mbili katika kiwiko kimoja.

(g) Injini bapa ya ghorofa: injini mbili bapa, moja juu ya nyingine, krenkishafti mbili. Hii ndiyo H ya wenye mashindano.

(h) Injini pacha: safu mbili zilizosimama sambamba, kila moja na krenkishafti yake. Hii ndiyo U.

(i) Injini ya safu nne: safu nne zinazoizunguka krenkishafti moja. Hii ndiyo X.

(j) Injini ya nyota: silinda zimetawanyika kama miale kutoka katikati. Ndege za DC-3, zilizotumiwa na shirika la East African Airways lililokufa mwaka 1977, zilikuwa na injini za namna hii, silinda 14 katika nyota mbili zilizofuatana.

(k) Injini ya pistoni za kukabiliana: pistoni mbili katika silinda moja, bila kichwa.

Twaongeza onyo moja. Neno mzunguko lisitumiwe ovyo. Katika baadhi ya ndege za Vita Kuu ya Kwanza silinda zenyewe zilizunguka pamoja na panga. Hizo ni injini za nyota inayozunguka. Mazda nayo ilitengeneza magari ambayo injini zake hazina silinda wala pistoni ya kupanda na kushuka, ila kipande cha pembe tatu kinachozunguka ndani ya chumba. Hiyo iitwe injini ya rota. Zote mbili zikiitwa "injini ya mzunguko", tutakuwa tumerudia kosa la herufi W kwa Kiswahili fasaha.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba V imekwisha kuzoeleka, na kuibandua ni kupoteza nguvu. Twakubali kwamba imezoeleka, wala hatuna nia ya kuibandua katika vibao vya magari. Kemia ina alama ya Fe, na alama hiyo ni ileile dunia nzima. Hata hivyo mwalimu husema chuma. V8 ni alama ya namna hiyo. Ibaki katika majedwali, katika namba za vipuri, na katika kona ya menyu ya mchezo. Mahali pa kueleza, pa kufundisha na pa kuagiza, pawe na jina: injini ya bonde, silinda nane, vichwa viwili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba wananchi hawalazimishwi maneno. Hili ni kweli, na Uluguru inayo kumbukumbu yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchonga matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu wa upande wa Matombo waliupinga mpango huo kwa nguvu, nao ukaachwa. Lakini huko Mgeta kilimo cha ngazi kiliendelea, kwa kuwa wakulima wa mboga walikiona kinawafaa. Milima ni ileile na mteremko ni uleule; palipokuwa na faida, ngazi zilidumu. Istilahi nazo huenda hivyo. Tarakilishi na ngamizi zilipendekezwa, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Kishikwambi nacho kilichekwa, lakini makarani wa sensa ya mwaka 2022 walipopewa vifaa hivyo, na baadaye walimu, neno lilipanda juu ya kifaa likaenea nacho.

Funzo tunalolipata ni kwamba istilahi hizi zisipelekwe kwa waraka peke yake. Zipelekwe pamoja na kazi inayozihitaji: mtaala wa ufundi stadi, fomu ya kuagiza vipuri, na hata mchezo wa kompyuta ambao vijana huucheza kwa hiari yao. Kijana aliyechagua "bonde la nyuzi 60" mara ishirini ili gari lake la mchezo lisitikisike atalitamka neno hilo gerejini bila kuambiwa na mtu. Fundi naye asiposaidiwa na neno, atalitupa, na atakuwa na haki.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba herufi V, W, H na nyinginezo ni alama za kutazama, na alama hizo hubadilika maana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na hapa kwetu moja imefikia hadi kuwa cheo. Tumeonyesha pia kwamba safu, bonde, mgongo na nyota yatosha kuitaja mipangilio ya kawaida na ile isiyo ya kawaida, na kwamba kila jina hubeba habari ambayo fundi na afisa ugavi wanaihitaji. Mapendekezo haya hayajasanifiwa. Twawaomba wafasiri wayajaribu katika kazi zao, walimu wa ufundi wayaweke mbele ya wanafunzi pamoja na injini iliyofunguliwa, na maafisa wa ununuzi watuambie kama fomu iliyoandikwa "safu moja, silinda sita, kichwa kimoja" imewaletea gasketi iliyo sahihi. Majibu yao ndiyo yatakayoamua lipi libaki na lipi liondoke.